Siku Kumi za Kukaa

Mwanangu Rahabu,

Salamu zangu umezipata asubuhi ulipoamka, na kesho utazipata tena pale stendi, kwa hiyo hapa sisalimii. Hapa nasema. Umeenda kumuaga shangazi yako kule ng'ambo ya mlima Sekenke, nami namjua wifi yangu, hakuachii mpaka umekula mara mbili na kuombewa mara tatu. Basi nina muda mpaka saa kumi na moja. Nimekaa kwenye benchi la nyuma ya mgahawa na daftari lako la zamani la jiografia, lile lililobaki kurasa tupu katikati.

Ninaandika kwa sababu kwa mdomo mimi na wewe hatumalizi. Nikifungua kinywa unasema, "Mama, sikia kwanza." Nami nikiambiwa sikia kwanza, damu inanipanda. Karatasi haisemi sikia kwanza. Leo utasikia wewe.

Habari za kuchemsha maji ya kunywa, kufunga komeo, kutokaa na watu usiowajua, hizo sitaziandika. Ulifundishwa, na aliyekufundisha ni mimi, kwa hiyo unazijua kuliko wenzako. Wala sitakuandikia habari za kazi. Wewe ni mwalimu wa hisabati, mimi ni darasa la saba, ingawa katika darasa hilo la saba nilikuwa wa tatu, na walionishinda walikuwa watoto wa mwalimu mkuu, wote wawili. Barua yako ya ajira ya kwenda kufundisha kisiwani Mafia ilipotoka niliwaonyesha madereva wote waliopaki hapa Shelui siku hiyo. Hata yule Mrundi asiyejua kusoma Kiswahili aliishika kwa mikono miwili, akaiangalia juu mpaka chini, akasema hongera. Kwa hiyo usifikiri sina furaha. Ninayo mpaka inaniumiza kifua.

Lakini hiyo ratiba yako, Rahabu. Hiyo ratiba.

Wiki mbili sasa imebandikwa ukutani pembeni ya kalenda, na kila nikipita na sinia naisoma, na kila nikiisoma nachoka upya. Umeandika kwa herufi kubwa: LIKIZO YA JUNI, MAFIA. BABA, MAMA NA MIMI. HAKUNA HARAKA. Nilipoona hakuna haraka nilijua hapa kuna shida. Mimi ni mama lishe wa barabara kuu. Lori linateremka Sekenke breki zinanuka, dereva anaruka chini anasema, "Mama, dakika kumi," na katika dakika kumi hizo anapata wali, maharage, mchicha, nyama na maji ya kunawa, na ya tisa anachokonoa meno. Mtu huyo ndiye umemwandikia hakuna haraka.

Siku ya kwanza: kufika, kuoga, kulala. Sawa, hiyo nimeielewa, safari ni ndefu. Siku ya pili: kuamka muda wowote. Muda wowote ni saa ngapi, mwanangu? Mimi naamka saa kumi alfajiri hata nikiumwa, hata siku niliyokuzaa niliamka saa kumi nikawasha moto kwanza. Siku ya tatu: kutembea pwani polepole mpaka tuchoke, halafu kukaa. Yaani tutembee bila kubeba kitu, bila kwenda kokote, tuchoke kwa makusudi?

Siku ya nne ndiyo iliyonimaliza. Kuangalia maji yakijaa na kupwa. Siku nzima! Mimi nikikaa hapa bombani kutwa naangalia ndoo ikijaa, utasema mama kapatwa na nini? Siku ya tano umeandika "hakuna kitu" na ukapiga mstari chini yake kwa rula. Mtu anapangaje hakuna kitu? Hakuna kitu kinakuja chenyewe, hakihitaji rula. Siku ya sita: Rahabu anapika, Mama haruhusiwi jikoni. Haruhusiwi! Neno hilo nimelisoma kwa sauti mbele ya wateja wakacheka. Ya saba ni kanisani kama lipo karibu, ya nane baba yako avue samaki kwa ndoano, ya tisa umeandika "kama siku ya tano", na ya kumi ni kufungasha polepole. Mimi nilipoolewa nilifungasha maisha yangu yote katika khanga mbili wakati chai inachemka.

Na hayo yote ni Juni, alizeti zinapurwa! Nilikuambia, ukasema baba yako keshaongea na mama yako mdogo asimamie. Nikamgeukia baba yako, alikuwa ameinamia tairi la fuso anaziba pancha.

"Baba Rahabu, umeiona hii ratiba?"

"Nimeiona."

"Unasemaje?"

"Siku ya tano nzuri," akasema. "Ingekuwa mbili."

"Ipo ya tisa, Baba," ukadakia wewe.

"Basi imetosha."

Nyie watu wawili mnanichosha.

Lakini siandiki kwa sababu ya ratiba peke yake. Naandika kwa sababu ya Alhamisi, na kwa sababu ya jana.

Alhamisi kosa lilikuwa langu, naanza nalo. Jumatano jioni nilikwenda kununua nyanya kwa Mama Zuhura, na roho ikiwa imejaa nikamwambia, "Dada, Rahabu ananipeleka kisiwani nikapumzike." Sikusema zaidi ya hapo. Nilitaka ashangae, na kusema kweli nilitaka pia aone kijicho kidogo, maana mwanawe aliyeko Dodoma hajampeleka hata Manyoni. Badala yake akaniwekea nyanya nne za nyongeza, akanishika mkono, akasema, "Pole sana, Mama Rahabu. Mungu ndiye anayejua." Nikaona ajabu lakini nikachukua nyanya.

Kumbe kwetu hapa mtu haendi kupumzika. Mtu anapelekwa kupumzika, na anayepelekwa ni mgonjwa ambaye hospitali imeshindwa. Au keshapumzika kabisa, na ukisikia hivyo unavaa khanga nyeusi na kubeba unga. Ningesema nakwenda kutembea, watu wangeelewa. Ningesema nakwenda kukusalimu, wangenipa na kuku. Mimi nikachukua neno la kwenye ratiba yako nikalibeba zimazima mpaka gengeni.

Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa unacheka na kumwaga chai, acha nikukumbushe. Saa mbili asubuhi aliingia Bibi Tabu, yule wa karibu na kisima, kashika fimbo na yai moja. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Hakuitikia marahaba. Alikuja moja kwa moja akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Moto hauko juu," akasema. "Uko ndani."

"Bibi, mimi mzima."

"Ndivyo anavyosema mgonjwa wa aina hiyo."

Saa tatu wakaja akina mama wa kwaya, saba, na mkeka wao. Wakautandika pale chini ya turubai, wakaninyang'anya upawa mkononi. Yule mwenyekiti wao mnene akashika sufuria langu la maharage kama la kwake. Nikainuka.

"Kaa!" wakasema wote kwa pamoja, sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Nikakaa. Kwa mila zetu mgonjwa hahudumii waliokuja kumjulia hali, ukilazimisha unawatukana. Yule dereva wa lori la ng'ombe akaingia kwa kasi yake, "Mama, dakika kumi!" akaona watu wamekaa chini, akavua kofia. Akauliza kwa kunong'ona, "Lini?" Bibi Tabu akamjibu, "Bado, mwanangu. Anatembea tembea." Yule kijana akaenda kwenye lori akarudi na mfuko mzima wa machungwa, akauweka miguuni pangu, akaondoka bila kula. Mpaka leo sijamwona nimweleze. Huko Kahama aliko nadhani keshatangaza kwamba nimekufa.

Nilikaa pale kuanzia saa tatu mpaka saa nane na nusu, Rahabu. Kila nikitaka kueleza, ndivyo walivyozidi kunipa pole. Wewe ulikaa pembeni yangu ukawa unanimenyea machungwa na kunilisha kipande kipande, bila aibu, ukijua kabisa mimi mzima.

Walipoondoka ndipo ukasema. Ulisema taratibu, huku unaokota maganda. "Mama, unajua leo ndiyo mara ya kwanza umekaa na mimi mchana kutwa?"

Mimi nikaruka. Nilikuwa na hasira za kuitwa maiti mtarajiwa, nikazimwaga kwako. Nikasema, "Ningekaa, ungesoma kwa pesa gani? Ungevaa nini? Wewe umekua kwa mama kukaa?" Ukaokota ganda la mwisho. Ungebaki kimya yangeisha. Lakini wewe ni mwanangu, hubaki kimya, ukasema, "Hata mahafali yangu hukukaa, Mama."

Na mimi nikasema uongo. Nilisema, "Nilikuwepo."

Sasa nisikilize. Mahafali yako ya kidato cha nne nimeyasimulia watu mara nyingi, unanisikia, na nasimulia vizuri. Nasimulia nilivyoshuka kwenye basi na kuku sita waliochemshwa na kukaangwa, na ndoo ya wali wenye iliki. Nasimulia nilivyokuta wapishi wa shule wamezidiwa, moto unatoa moshi, wali mbichi juu na mkavu chini, nikafunga khanga kiunoni nikaingia. Nasimulia mwalimu wa nidhamu alivyouliza, "Huyu mama ni nani?" na jinsi meza kuu walivyoomba sahani ya pili. Yote hayo ni kweli. Mpaka leo nikisimulia najisikia mrefu.

Kile ambacho sijawahi kusimulia ni kwamba nilisikia jina lako. Kipaza sauti kilifika mpaka jikoni. Walisema, "Zawadi ya hisabati, Rahabu Yona," na watu wakapiga makofi, na mimi nilikuwa nimeshika mwiko. Kutoka jikoni mpaka pale uwanjani ni kama kutoka hapa mpaka kwa fundi cherehani. Ningeweza kukimbia. Nilijiambia, nigeuze huu wali kwanza. Nikageuza. Nilipofika mlangoni nikifuta mikono ulikuwa umesharudi kwenye mstari, na alikuwa anapewa mwingine, mtoto wa watu simjui. Niliona kisogo chako. Nikakijua kwa sababu mimi ndiye niliyekusuka.

Wazazi wa wenzako walikuwa wamekaa kwenye viti mbele. Ulipokuwa unashuka jukwaani lazima ulitafuta uso wangu pale kwenye viti. Baadaye ulikuja jikoni na ile zawadi, kamusi yenye utepe, ukanionyesha, na mimi nikasema, "Weka mbali na mafuta." Ndiyo maneno niliyokuambia. Sijui kama unayakumbuka. Usiniambie kama unayakumbuka.

Ukitaka kujua kwa nini niko hivi, nitakuambia, ila usifikiri najitetea. Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi, mwezi wa pili, nilikuwa na mimba ya kaka yako yule ambaye hakukaa. Nilikuwa natapika kila kitu. Siku moja nikakaa kivulini kwenye kigoda, mchana, mikono mitupu. Bibi yako mzaa baba akapita na kuni kichwani. Hakunigombeza. Alisema tu, kama anaongea na zile kuni, "Kumbe tumeoa mgeni."

Mgeni, Rahabu. Mgeni ndiye anayekaa akaletewa. Niliinuka pale, na nadhani sijakaa tena mpaka Alhamisi hii. Miaka yote nilikuwa namwonyesha yule mama kwamba mimi si mgeni. Niliamka kabla yake, nikalala baada yake. Alipohamia kwa shangazi yako niliendelea kumwonyesha hata kama hayupo. Nikafungua mgahawa, nikaujenga kwa mabati, nikaweka feni, na kila bati nilikuwa namwonyesha yeye.

Kabla hajafa nilikwenda kumwuguza, unakumbuka, ulikuwa darasa la sita. Siku moja namwosha miguu nikamwambia. Nikamwambia lile neno alilosema, na kivuli kilipokuwa, na kigoda kilivyokuwa. Akautoa mguu mmoja kwenye beseni.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema, mama."

"Nilikuwa natania labda. Au kuni zilikuwa nzito." Halafu akasema, "Si ungekaa tu?"

Nilitaka kumwaga yale maji. Nakuapia, nilishika beseni kwa mikono miwili. Miaka yote ile, na mwenyewe hakumbuki! Nilirudi nyumbani na hasira ya siku nne, nikasugua masufuria mpaka yakatoboka mawili. Wala sikujifunza kitu siku ile. Watu husema waliona mwanga. Mimi niliona masufuria. Niliendelea vilevile, kwa sababu mwili ulikuwa umeshazoea, na kwa sababu watu walinisifia. Mtu akisifiwa kwa kosa lake, ataliachaje? Mimi nilisifiwa kuanzia Singida mjini mpaka Nzega.

Haya, sasa jana.

Jana ulikuwa unafungasha, na mimi nikaanza tena. Nilisema huko Mafia nitakwenda kufanya nini, kuhesabu mawimbi? Nikasema wewe umesoma ukaona mama yako ni mzee wa kupumzishwa. Nikasema na lile la kwamba mama wa mwalimu mwenzako angependa, mchukue huyo. Nilijua ni baya wakati linatoka.

Hukupiga kelele. Ulikwenda ukutani ukachukua kalamu ukafuta neno Mama pale juu kabisa. Ulilifuta kwa mstari mmoja, kwa rula, kama unavyofuta jibu lililokosewa. Ukasema, "Basi Mama, usijisumbue. Nitakaa na Baba." Ukaibandua ratiba, ukaikunja ukaiweka kwenye begi.

Nikamwambia baba yako usiku ule ule, "Umeona mwanao?"

"Nimeona."

"Na wewe utakwenda?"

"Nitakwenda," akasema. "Nimeshanunua ndoano."

Mtu ambaye chumvi ikihamishwa rafu haijui iliko, huyo ndiye anakwenda kisiwani peke yake na ndoano. Sikulala vizuri.

Asubuhi hii ulipoondoka, nimefanya jambo ambalo mzazi hapaswi, nimefungua begi lako. Nilijiambia naangalia kama umeweka sweta, ingawa nani anavaa sweta Mafia. Nikaitoa ile ratiba nikaisoma tena, safari hii nimekaa, kwa sababu nilikuwa peke yangu na hakukuwa na sinia mkononi. Siku ya pili: kuamka muda wowote, chai, kukaa barazani na Mama. Hapo mimi wiki mbili nilikuwa naishia kwenye muda wowote, hasira inanifumba macho, siendelei. Ya tatu: halafu kukaa na Mama. Ya sita: Mama haruhusiwi jikoni, Mama akae na mimi mlangoni tuongee nikipika. Ya saba, baada ya kanisa, kukaa na Mama. Ya nane, Baba avue, Mama na mimi tukae.

Mara tano. Mwalimu wa hisabati ameandika jambo lilelile mara tano na mimi nimesoma mara ishirini sijaliona.

Ndipo nikakumbuka Bibi Tabu alivyokuuliza Alhamisi pale mkekani, "Na wewe mjukuu wangu, huko kisiwani una nani?" Ukamjibu, "Sina mtu, bibi. Nina picha ya nyumba ya walimu tu, kwenye simu." Ukaicheka mwenyewe. Mimi nilikuwa natafuna chungwa, nikasikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Leo ndiyo limeniingia. Wewe hujawahi kuona bahari. Umezaliwa huku kwenye vumbi na alizeti, boti hujapanda, maji ya kukuzidi kiuno hujaingia, na kesho unakwenda kuishi mahali ambapo ukitembea mwisho wa barabara ni maji. Una hofu. Hukuweza kusema una hofu, kwa sababu mwanangu ni jeuri, kamrithi mtu namjua. Ukaandika ratiba.

Nami nilifikiri unataka kunipumzisha mimi. Kumbe wewe ndiye unataka mtu wa kukaa naye katika nyumba hiyo mpya, ili ukibaki peke yako uwe unajua ilivyo ikiwa na mama ndani. Si ungesema! Wiki mbili unanitazama napiga kelele na masinia, si ungesema tu, Mama, naogopa, njoo? Ningekuja kesho hiyohiyo na basi lilelile, na sufuria kichwani! Unaniudhi, Rahabu. Unaniudhi kwa sababu ni mimi kabisa. Mimi niliwapikia watu mia badala ya kusema najivunia wewe, na wewe unanipangia maji kujaa na kupwa badala ya kusema usiniache.

Nasikia honi. Lori limepaki mbele. Mtu anaita, "Mama! Mama Rahabu! Dakika kumi!"

Nimemjibu angoje.

Anauliza angoje nini. Nimemwambia naandika barua. Sasa namsikia anamwambia mwenzake, "Anaandika." Mwenzake anasema, "Wosia?" Yote haya ni ya Mama Zuhura na nyanya zake. Wanajipakulia wenyewe, nasikia mifuniko. Wanazidisha nyama. Wazidishe.

Na wali wa pili uko jikoni na nimeanza kusikia harufu. Unashika chini, Rahabu. Nikiinuka sasa hivi nauokoa. Lakini nikiinuka siwezi kurudi kwenye benchi hili, najijua, nitaona vyombo, halafu nitaona sakafu, halafu utakuwa umefika, na barua itaishia kwenye maneno ya mwanzo yenye hasira tupu, nawe utakwenda nayo hivyo Mafia. Acha uungue.

Kabla sijakaa hapa kuandika nimeongea na mwenyekiti wa kwaya. Tangu Alhamisi alipoonja kushika sufuria langu anatamani alishike tena, basi siku kumi atalishika, namsikitikia mteja wangu. Mama yako mdogo atapura alizeti. Juni hiyohiyo uliyopanga, sihamishi.

Ila sikudanganyi kwamba nitakuwa mtu mwingine. Siku ya kwanza nitakaa kwa sababu ya uchovu. Ya pili nitakaa kwa kujilazimisha, usiniambie "unaona Mama inavyopendeza," nitainuka. Ya nne nitayaangalia hayo maji yako, na nitayasema vibaya kutwa, uniache niseme. Ya tano sijui. Siku ya hakuna kitu inanitisha kuliko boti. Huenda nikalia bila sababu, msishtuke wewe na baba yako, msiite mtu. Na ukiona mikono yangu inatafuta kitu, nipe mchele nichambue, hata kama umeshachambuliwa. Kuchambua ni kazi ya kukaa.

Pikipiki inapunguza mwendo huko kwa fundi cherehani, bila shaka ni wewe. Jioni hii sitasema lolote kati ya haya, nitagombana na wewe kuhusu maandazi ya njiani, na wewe unijibu kama kawaida. Barua nitaiingiza ndani ya ratiba, utaikuta ukishafika.

Jina langu nimelirudisha mwenyewe, juu ya lile ulilofuta. Kalamu ya baba yako ilikuwa inagoma, nikaikandamiza mpaka karatasi imetoboka. Usiliandike upya. Liache hivyo hivyo, na ubandike ukutani hapo kwenye nyumba hiyo ambayo sijaiona.

Tangulia, mama. Nakuja kukaa na wewe.

Mimi mama yako,
Mama Rahabu, Shelui